Chupa ya Shilingi Tisini Elfu: Tusome Kwanza Lebo Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa waliosoma shule hii, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi)



Nilimaliza kidato cha nne hapa mwaka 1979, nikasomea ufamasia, na kwa miaka thelathini na zaidi nimehesabu vidonge katika hospitali za serikali mpaka nilipostaafu. Kamati iliponiandikia kuniomba nizungumze nanyi, haikuniachia kuchagua jambo la kusema. Ilinitumia chupa.

Ndiyo hii. Wengi wenu mnaijua. Inauzwa Kasulu mjini, inauzwa Kibondo, inauzwa Makere siku ya soko, na mtu akipanda basi la kwenda Nyakanazi huenda akahubiriwa habari zake kabla hajakaa vizuri. Ina vidonge sitini, bei yake ni Shs. 90,000, na lebo inasema ni kirutubisho cha antioksidanti. Baadhi ya wanachama wenzetu, kwa nia njema kabisa, wamependekeza Chama chetu kinunue chupa 200 kwa bei ya jumla ya Shs. 60,000, kiziuze kwa wanachama na kwa wazazi wa wanafunzi, na faida ya shilingi milioni sita iingie katika mfuko wa bweni la wasichana. Leo mchana mtapiga kura. Kamati imeniomba nieleze, kabla ya kura hiyo, kama chupa hii inafaa na kama ni salama.

Jina lake sitalitaja. Chupa za namna hii ni nyingi, na ikifungwa njia hii moja zitakuja nyingine zenye jina jipya. Nataka nyinyi wenyewe mjue kuzisoma.

Antioksidanti ni kitu gani?

Jembe likiachwa nje lashika kutu. Parachichi likikatwa na kuachwa mezani lageuka rangi. Hiyo ni kazi ya oksijeni. Ndani ya miili yetu pia, chakula kinapochomwa ili kutupa nguvu, hutokea chembe kali zinazoweza kuharibu kuta za seli. Mwaka 1956 mwanasayansi wa Marekani, Denham Harman, alitoa nadharia kwamba uharibifu huo ndio unaotuzeesha. Vitu vinavyozituliza chembe hizo ndivyo vinavyoitwa antioksidanti: vitamini C, vitamini E, karotini, madini ya seleniamu, na vingine vingi vilivyomo katika mimea. Ukilipaka parachichi maji ya limau linachelewa kugeuka rangi, kwa sababu limau lina vitamini C.

Jana jioni, kwa ruhusa ya mwalimu wa kemia, vijana wa kidato cha tatu nami tulifanya jaribio dogo. Tuliweka wanga kidogo katika maji, tukatia matone ya aidini, maji yakawa ya buluu nzito. Kisha tukatia unga wa kidonge kimoja cha chupa hii. Buluu yote ikatoweka. Vijana wakapiga makofi. Mmoja wao akasema, "Basi mzee, dawa inafanya kazi!"

Nikamwomba atie katika gilasi nyingine maji ya pera lililochumwa nyuma ya bwalo. Buluu ikatoweka vilevile.

Ndugu zangu, jaribio lile lilionyesha jambo la kweli. Ndani ya chupa hii kuna kitu, si unga wa muhogo mtupu, nami ni wajibu wangu kulisema hilo. Lakini aidini inajibu swali moja tu: je, kitu hiki kinaweza kutuliza oksidisho ndani ya gilasi? Haijibu kama kinatibu kisukari, wala haijibu kama kinamdhuru anayekimeza kila siku kwa miaka mitano. Na mwili wa binadamu si gilasi.

Yaliyotokea walipopimwa watu

Kwa muda mrefu hata mabingwa waliamini kwamba kama mboga zenye karotini zinafaa, basi karotini iliyokamuliwa na kutiwa katika kidonge itafaa zaidi. Wakaamua kupima. Huko Ufini walichukua wanaume 29,133 wavutaji wa sigara. Baadhi walipewa miligramu 20 za karotini kila siku na wengine vidonge visivyo na kitu, kwa miaka mitano hadi minane. Majibu yalitoka mwaka 1994. Waliopewa karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao, kwa asilimia 18. Huko Marekani utafiti mwingine uliwapa wavutaji sigara na watu waliofanya kazi penye asbestosi miligramu 30 za karotini pamoja na vitamini A. Ulisimamishwa Januari 1996, miezi 21 kabla ya wakati wake, kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17.

Vitamini E nayo ilipimwa kwa wanaume 35,533, kwa matumaini kwamba ingekinga saratani ya tezi dume. Taarifa ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba waliomeza yuniti 400 kila siku walipata saratani hiyo zaidi ya wasiomeza, kwa asilimia 17. Tafadhali ikumbukeni tarakimu hiyo ya 400. Tutakutana nayo tena muda si mrefu.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Utafiti mmoja uliosomwa sana duniani kuhusu vitamini ulifanyika Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1995, wataalamu wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Harvard, akiwamo Wafaie Fawzi na Gernard Msamanga wetu, waliwafuatilia wanawake wajawazito 1,078 wenye virusi vya UKIMWI. Wakati huo dawa za kupunguza makali zilikuwa hazijaanza kutolewa kwa umma nchini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba kati ya wanawake 271 waliopewa vitamini za jamii ya B pamoja na C na E, 67 walifikia hatua ya mwisho ya ugonjwa au walifariki. Kati ya 267 waliopewa vidonge vitupu, idadi ilikuwa 83. Vitamini zile zilisaidia, na tuseme hivyo bila kigugumizi. Lakini vitamini A na karotini, katika utafiti uleule, hazikusaidia, na taarifa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba ziliongeza hatari ya mama kumwambukiza mtoto.

Kisha wakauliza: sasa kwa kuwa dawa zipo, je, vitamini nyingi zaidi zitasaidia zaidi? Dar es Salaam hiyohiyo, wagonjwa 3,418 walioanza dawa waligawanywa, wengine wakapewa vitamini kwa kiwango cha kawaida na wengine kwa kiwango kikubwa. Mwezi Machi 2009 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa vipimo vya ini vya waliopewa kiwango kikubwa vilikuwa vinapanda. Vitamini zilezile, mji uleule. Kilichobadilika ni kiasi, na hali ya mgonjwa.

Wafanyabiashara nao walisoma nusu ya habari hiyo. Huko Afrika Kusini, daktari mmoja Mjerumani aitwaye Matthias Rath alitangaza vitamini zake kana kwamba zingeweza kushika nafasi ya dawa za UKIMWI, akiutaja utafiti wa Dar es Salaam kuwa ushahidi wake. Watafiti wenyewe walimkana hadharani mwaka 2005. Mahakama Kuu ya Cape Town ilitoa hukumu mwezi Juni 2008 kwamba majaribio yake yalikuwa kinyume cha sheria. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "imethibitishwa na utafiti", mwulize: utafiti upi, kwa watu gani, kwa kiasi gani, na matokeo yake yote yalikuwaje?

Sasa tusome lebo

Nimeisoma lebo hii kwa kutumia lenzi, kwa maana maandishi yenye habari ni madogo na maandishi yenye ahadi ni makubwa. Nitataja mambo sita. Vijana, andikeni.

Kwanza, nani ameitengeneza? Lebo inasema "teknolojia ya Ulaya". Teknolojia si anwani. Hakuna jina la kiwanda wala nchi ilikotengenezwa. Mtu akidhurika, barua ya malalamiko itapelekwa wapi?

Pili, kuna kiasi gani, na kiasi hicho ni cha nini? Lebo inataja vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, karotini miligramu 25, zinki miligramu 30, na seleniamu mikrogramu 200. Haisemi kama ni kwa kidonge kimoja au kwa siku nzima. Mwongozo wa Codex wa mwaka 2005 kuhusu virutubisho vya vitamini na madini unataka kiasi kionyeshwe kwa tarakimu, kwa sehemu inayoshauriwa kutumiwa kwa siku. Tufanye hesabu ikiwa ni kwa kidonge. Lebo inaamuru vidonge viwili kwa siku, na "kwa ugonjwa sugu vinne hadi sita". Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55 tu za seleniamu kwa siku, na kikomo kilichowekwa na wataalamu wa Marekani ni 400. Vidonge viwili vinakufikisha kwenye kikomo. Sita vinakupa 1,200, yaani kikomo mara tatu. Kikomo cha zinki ni miligramu 40, na vidonge viwili vina 60. Karotini ya vidonge viwili ni miligramu 50, wakati wale wavutaji wa Marekani walidhurika wakimeza 30. Na vitamini E ni zile yuniti 400 nilizowaomba mzikumbuke, zinazidishwa mara mbili, katika chupa inayodai kutibu tezi dume!

Seleniamu si kitu cha mchezo. Mwaka 2008 huko Marekani kiwanda kilikosea kuchanganya kirutubisho cha maji, kikawa na seleniamu mara 200 ya iliyoandikwa kwenye lebo. Watu 201 katika majimbo 10 waliugua. Walihara, wakadondoka nywele, kucha zao zikaharibika. Kama kosa hilo lilitokea mahali penye ukaguzi mkubwa, chupa isiyo na anwani tutaisemaje?

Tatu, kilichofichwa. Chini kabisa kumeandikwa "mchanganyiko maalumu wa mimea, miligramu 850", kisha majina ya mimea kumi na mmoja bila kiasi cha hata mmoja. Miongoni mwake umo mkamuo wa chai ya kijani. Kunywa chai hakuna shida. Lakini mkamuo wake katika vidonge ni jambo jingine. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za kiini chake kikuu zinaweza kuamsha dalili za kuumia kwa ini. Humu tuna miligramu ngapi? Hakuna ajuaye ila aliyechanganya.

Nne, tarehe na namba ya toleo. Namba ya toleo haipo. Tarehe ya mwisho wa matumizi ipo, lakini imebandikwa juu ya karatasi nyingine. Nilipoibandua pole pole kwa mvuke wa birika, nilikuta chini yake tarehe iliyokwisha kupita.

Tano, onyo. Lebo yenye uaminifu humwambia mtu asizidishe kiasi, aiweke mbali na watoto, na asiifanye badala ya chakula. Hii inasema neno moja: "Haina madhara, ni ya asili." Ndugu zangu, sisi ni watu wa Buha. Muhogo mchungu ni wa asili, na bibi zetu waliuloweka kabla ya kuula. Walijua kwamba asili inalisha na asili inaua.

Sita, imesajiliwa wapi? Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Dawa ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyokuwa TFDA. Tiba asili ina Baraza lake kwa sheria ya mwaka 2002. Chupa hii inajiita chakula, lakini inaahidi kutibu sukari, presha, saratani na upungufu wa nguvu za kiume. Kama ni chakula, haina ruhusa ya kutibu. Kama inatibu, ni dawa, na dawa husajiliwa. Imeweka mguu mmoja huku na mwingine kule, na namba ya usajili haina ya huku wala ya kule. Imeandikwa "imethibitishwa kimataifa", na hiyo si namba.

Nani awe mwangalifu zaidi?

Mvutaji wa sigara, au aliyevuta zamani, asimeze karotini ya vidonge. Mama mjamzito asitumie vitamini A ya chupa bila ushauri wa kliniki, kwa kuwa ikizidi yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwenye kutumia warfarin ya kuzuia damu kuganda ajihadhari na vitamini E nyingi, asije akavuja damu. Mwenye mawe ya figo ajihadhari na vitamini C nyingi. Na wenzetu wanaotumia dawa za kupunguza makali zenye dolutegravir wajue kwamba zinki, chuma na kalsiamu huweza kuizuia dawa hiyo isiingie vizuri mwilini. Dawa imezwe saa mbili kabla ya madini hayo, au saa sita baada yake. Lebo hii yenye zinki haisemi lolote.

Yupo humu ukumbini mwenzetu mmoja wa Kibondo, aliyeniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja. Ana kisukari. Aliambiwa kwamba chupa hii haipatani na "kemikali za hospitali", basi akaacha vidonge vyake vya sukari kwa miezi mitatu ili aisafishe damu. Kidonda kidogo cha mguuni, kilichotokana na kiatu, hakikupona. Amepoteza vidole viwili. Aliniambia, "Kaka, sikudhurika kwa nilichokimeza. Nilidhurika kwa nilichokiacha." Sina maneno mazuri zaidi ya hayo. Madhara makubwa ya chupa hizi mara nyingi hayamo ndani ya kidonge. Yamo katika dawa iliyowekwa kando.

Aliyemuuzia ni mtoto wa ndugu yake. Naye si mtu mbaya. Alikopa shilingi laki tano ili ajiunge na mtandao, na asipopata wanunuzi hana cha kulipia mkopo. Hivyo ndivyo biashara hii inavyotembea: ndugu anamuuzia ndugu, rafiki anamuuzia rafiki, na anayeaminika zaidi ndiye anayeuza zaidi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na sasa kinataka kutembea kwa miguu ya Chama chetu.

Pesa na chakula

Chupa moja ni ya mwezi mmoja. Kwa mwaka ni Shs. 1,080,000. Mtu mzima anahitaji vitamini C miligramu 75 hadi 90 kwa siku, na pera moja la kawaida latosha kabisa. Karotini tunayo tele katika mchicha, matembele, kisamvu na maembe. Na mkoa wetu ndio wenye mawese: kilo moja ya mawese mekundu ina karotini miligramu 500 hadi 700, pamoja na vitamini E. Akina mama, msiyachome mawese mpaka yawe meupe, kwa kuwa rangi ile nyekundu ndiyo karotini yenyewe. Myatumie kwa kiasi, maana karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, na moyo hauyapendi yakizidi.

Sisemi kwamba vitamini za vidonge hazina kazi. Mjamzito anapopewa chuma na asidi ya foliki kliniki, ameze. Mtoto anapopewa tone la vitamini A, apewe. Hizo zimepimwa, kiasi chake kinajulikana, na anayezitoa anajulikana jina na anasimama mbele yako.

Ndugu Mwenyekiti, napendekeza mambo matatu. La kwanza, Chama kisinunue chupa hizi, hata moja. La pili, chupa hii pamoja na karatasi yangu zipelekwe kwa mfamasia wa wilaya na kwa TBS, ili wenye mamlaka wafanye kazi yao, nami niko tayari kuzipeleka. La tatu, fedha milioni kumi na mbili zilizotajwa kuwa mtaji zianzishe mizinga ya nyuki upande wa Kibondo, ambako wenzetu wanaijua kazi hiyo tangu kwa babu zao. Na siku tutakapouza asali ile, lebo yetu iandike uzito, tarehe, jina la shule na anwani. Iandike "asali". Isiandike "dawa".

Nanyi vijana, mzazi akirudi nyumbani na chupa, msimcheke wala msimgombeze. Mwombeni awaazime, kaeni naye mezani, msomeeni yale maandishi madogo ambayo macho yake hayayaoni. Mkifanya hivyo, ada aliyowalipia itakuwa imeanza kumrudia.